Ziwa Nililolipeleka Makambako

Jumapili iliyopita, tulipotoka ibadani, vijana wa kwaya walinizunguka nje ya kanisa hapa Yakobi wakanionyesha simu. Kwenye simu kulikuwa na picha ya Njombe mjini, barabara ileile ninayoifahamu, ila pembeni yake yameota maghorofa ya vioo na angani linapita treni lisilo na reli. "Bibi, umeona? Simu imetengeneza yenyewe." Nikaiangalia vizuri, nikawauliza mbona jua la hayo maghorofa linatoka kulia, na kivuli cha huyu wa bodaboda nacho kimelala kulia. Wakaangaliana. Mmoja akasema, "Bibi, mambo ya vivuli nani anayaangalia?"

Basi wewe uliyesema hivyo, haya nayaandika kwa ajili yako, na wenzako wasome. Vivuli huangaliwa, mjukuu wangu. Siku visipoangaliwa ndiyo siku mtu anaumia.

Siku hizi nalima viazi, natunza miti yangu michache ya parachichi, na magoti yamekataa kabisa kupanda paa la mtu ili nipate picha. Lakini kwa miaka mingi ya ujana na utu uzima wangu nilikuwa mpiga picha Makambako. Wengine walisahau hata jina langu la ubatizo, wakaniita Mama Picha mpaka kwenye matangazo ya misiba. Picha za pasipoti na za kipaimara ndizo zilizotulisha. Kazi niliyoipenda ilikuwa nyingine: picha za kuunganisha. Unachukua mji vipande vipande, unaukata, unaupanga upya, hadi unapata mji ambao haujawahi kusimama hivyo mbele ya macho ya mtu, ingawa kila jiwe lake ni la kweli.

Hatukuwa na kompyuta. Tulikuwa na wembe, msasa, brashi ya manyoya machache, na gundi ya unga wa ngano iliyopikwa jikoni kama uji. Unasafisha picha zako zote kwa ukubwa unaolingana. Unakata kwa kufuata ukingo wa kitu, kona ya bati, mstari wa ukuta, kamwe usikate katikati ya anga, maana anga halina pa kujificha. Halafu unageuza kipande, unasugua kingo zake kwa msasa upande wa nyuma mpaka karatasi inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ndipo unabandika. Ukimaliza unapitisha brashi yenye wino penye mshono, unapiga picha ya ile picha, na hiyo ya pili ndiyo mteja anaiona. Mshono ukibaki, rudia. Nimerudia sana mimi.

Aliyenifundisha ni Mzee Mahenge, Mkinga kutoka Makete, mwenye studio upande wa barabara ya Songea. Alikuwa mfupi, mwenye koti kubwa jua liwake au mvua inyeshe, na alikuwa na maneno machache, ila kila moja lilikuwa na mwiba. Siku ya kwanza nilipomwonyesha kazi yangu aliivaa miwani, akaivua, akaniuliza, "Binti, wewe unaishi Makambako hii hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Upepo wa hapa unaufahamu?"

Nani asiyeufahamu upepo wa Makambako! Unavua watu kofia, unajaza vumbi kwenye chai, na unavuma upande mmoja kama mtu mwenye safari yake. Nikaangalia picha yangu. Kushoto nilikuwa nimeweka stesheni ya treni, na bendera pale inavutwa kwenda kulia. Kulia nilikuwa nimeweka hoteli ya Mama Tumaini, na moshi wa jiko lake unakwenda kushoto. Vilikuwa vimepigwa siku mbalimbali, na siku moja kati ya hizo upepo uligeuka kwa sababu ya mvua. Mzee Mahenge akaipeleka picha ile hotelini yenyewe, akaibandika ukutani wateja waione. Wiki nzima kila nikiingia kunywa chai, mtu alikuwa ananiuliza, "Mama Picha, leo tuvae koti upande gani?" Aliyecheka kuliko wote ni Mama Tumaini mwenyewe, na hapo ndipo urafiki wetu ulipoanzia.

Toka siku hiyo, nikitoka na kamera, kitu cha kwanza kuangalia ni moshi. Kabla ya mwanga, kabla ya watu, moshi unakwenda wapi? Nikiwa na vipande vya siku mbili, natafuta moshi wake ulingane, usipolingana naufuta. Fanyeni hivyo hata kwenye simu zenu. Mtu hatajua kwa nini picha yako inamkera, lakini itamkera tu.

Njombe ni rahisi zaidi, maana Njombe kuna ukungu. Asubuhi za Juni na Julai, ukungu ukishuka kwenye vile vilima, unaweza kuunganisha kanisa na soko na chochote unachotaka, na penye mshono ukaweka ukungu. Ukungu haumwulizi mtu ametoka wapi. Lakini usiuzoee. Kuna mwaka nilizoea nikaupeleka ukungu wa Njombe kwenye picha ya soko la Makambako saa sita mchana, akina mama wanauza nyanya wamejifunika khanga kujikinga na jua, na miguuni wamezungukwa na ukungu. Mzee Mahenge akaniuliza kama soko linaungua.

Alikuwepo pia bwana mmoja wa Wanging'ombe, mfugaji, aliyekuja na ng'ombe wake hadi Makambako. Namaanisha ng'ombe mzima, amemswaga mwenyewe. Alitaka picha ya yeye na huyo ng'ombe wamesimama katikati ya Njombe mjini, ila hakutaka kumchosha mnyama kwa kumfikisha huko. Nikampiga nyuma ya studio, nikamkata, nikambandika. Bwana alifurahi mno. Mzee Mahenge alipoiona alisema, "Huyu ng'ombe akipiga chafya, lile kanisa linaanguka." Nilikuwa nimemfanya ng'ombe mrefu kuliko mlango wa kanisa. Nikataka kuirudia, mwenye ng'ombe akakataa katakata. Alisema ndivyo alivyo.

Hapo ndipo Mzee Mahenge aliponipa ile kanuni yake, ambayo niliishika kazi yangu yote. Alisema, "Mwache aondoke nayo. Ng'ombe mkubwa vile hamdhuru mtu, kila mtu anaona. Ukitaka kudanganya kwa picha, binti, danganya kwa sauti. Weka uongo mmoja mkubwa, mtoto auone, bibi auone, ili asiwepo mtu wa kuichukua picha yako akaifanya kiapo."

Ilikuwa kanuni nzuri. Ina tundu, na hilo tundu ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Mwenye duka moja la jumla alitaka kalenda ya mwisho wa mwaka ya kuwapa wateja wake, yenye picha ya barabara kuu ya Makambako yote kwa mkupuo. Sasa, Makambako ni tambarare. Hakuna kilima cha kusimama ukauona mji mzima kama Njombe. Kwa hiyo nilitembea na barabara, napiga nyumba moja baada ya nyingine kutokea ng'ambo, siku za kiangazi, moshi wote ukienda upande mmoja. Na kwa uongo wa kupiga kelele nikaamua kwamba barabara ile, badala ya kuendelea kwenda zake Songea, iishie kwenye ziwa.

Ziwa nililifuata Lupingu. Mnaojua njia ya kushuka Ludewa hadi ziwani mnajua kilichonipata tumboni. Nilipofika ufukweni nikaanza kupiga maji na mitumbwi, na mama mmoja aliyekuwa anaanika usipa, vile vidagaa vya ziwani, akasimama kuniangalia.

"Dada, unapiga nini?"

"Napiga ziwa, mama."

"Lina nini?"

"Nalipeleka Makambako."

Akafikiri. "Makambako kuna baridi," akasema. "Ukilifikisha lifunike." Akaendelea kugeuza usipa wake. Alinipa na wa kula njiani.

Nikarudi nikakaa na wembe. Barabara huku, ziwa kule, lakini ziwa halikuonekana vizuri, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kibanda cha fundi viatu, cha mabati, kilichokuwa pembeni kabisa ya barabara, kikaziba maji yote. Nikakitoa. Ya pili ni hoteli ya Mama Tumaini. Hoteli ile ilikuwa imesogelea barabara kiasi kwamba mteja akinyoosha miguu, mwenye baiskeli anaruka. Nikaikata, nikaisukuma nyuma, na mbele yake nikaweka uwanja mpana, mkavu, mzuri. Uwanja ule niliukata kwenye picha za stesheni. Ukiwa na macho unaona kokoto za reli.

Hakuna aliyeziona kokoto. Kalenda ilipotoka watu waliitazama, wakaonyeshana ziwa, wakacheka mpaka machozi. Madereva waliulizana bei ya samaki. Mama Tumaini aliibandika juu ya meza ya kumiminia chai, na mwaka ulipokwisha akakata ile sehemu ya tarehe akaiacha picha. Ilikaa pale ikifukizwa na moshi wa maandazi, miaka na miaka. Mzee Mahenge alifariki akiwa anaisifu. Alisema ziwa lile ni ng'ombe wangu wa pili.

Katikati hapo kazi ikabadilika. Ikaja kamera isiyokuwa na mkanda, ikaja kompyuta, nikajifunza nikiwa tayari nina mvi. Niliwahi kufuta picha za harusi nzima kwa kubonyeza kitufe kimoja, na bwana harusi akakubali kuvaa suti tena wiki iliyofuata, bibi harusi akakataa kutabasamu. Lakini kwa picha za mji kompyuta ilikuwa raha. Unarudi nyuma ukikosea. Wembe haurudi nyuma. Ninachowasihi ni kimoja: zile picha zako za mwanzo, kabla hujazigusa, ziweke. Mimi negativu zangu, yaani vipande vya mkanda wenyewe, ziko kwenye mabati ya biskuti hadi leo, zimefungwa kwa karatasi. Wanangu waliziita takataka za mama.

Sasa ndiyo tufike kwenye ile alama nyekundu.

Barabara ilikuwa inapanuliwa, na watu wa barabara walipita wakichora kwa rangi nyekundu alama ya X, ya kubomolewa, kwenye kuta zilizo ndani ya hifadhi yake. Mama Tumaini alichorewa chumba chake cha mbele, kile cha wateja. Wakati huo alikuwa mjane, na hoteli ile ndiyo iliyosomesha watoto wake na sasa inasomesha wajukuu. Swali lililokuwa linaulizwa kila mahali lilikuwa moja: nyumba imeifuata barabara, au barabara imeifuata nyumba? Kama barabara ndiyo iliyokufuata, una la kudai. Kama wewe ndiye uliyeifuata, unabomoa mwenyewe na kushukuru.

Alikuja nyumbani kwangu na ile picha ya kalenda, ameiviringisha kwenye khanga.

"Kamwene, mnyalukolo," akaniamkia kindugu kwa kilugha, hata hakukaa. "Mungu mkubwa. Ushahidi ninao." Akaikunjua mezani. "Angalia hoteli yangu ilipokuwa. Angalia uwanja huo. Barabara ndiyo imetufuata! Kesho kuna kikao ofisi ya kata, na wewe utakuja useme tu kwamba picha ni yako."

Nikaiangalia ile picha, nikamwangalia yeye. Nilidhani ananifanyia ujanja, na ningemwelewa. Lakini uso wake ulikuwa mweupe wa furaha. Alikuwa anaamini. Miaka yote hiyo alikuwa anamimina chai akiangalia uwanja ule, mpaka akaukumbuka.

"Mama Tumaini," nikasema, "kaa kwanza."

"Nakaa nini, nawahi unga."

"Huo uwanja haukuwepo."

Akacheka. "Acha masihara. Ziwa ndilo halikuwepo."

"Na uwanja. Niliutoa stesheni. Hizi hapa kokoto."

Aliinama akaangalia. Nikaenda nikatafuta kwenye mabati ya biskuti hadi nikapata negativu yenyewe, nikaishika dirishani. Negativu inataka mazoea, nyeupe ni nyeusi, lakini mtu anaijua nyumba yake. Aliona ukuta wake, aliona ukingo wa barabara, na kati yao hakuona pa kulaza hata ufagio.

Akakaa sasa. Kisha akasema polepole, "Nani mwingine anayo hii?"

"Mimi tu."

"Basi iko sawa. Irudishe kwenye bati."

Wajukuu zangu, nisiwadanganye kwamba nilijibu kishujaa. Nilimwambia nitafikiri. Huyu alinizalisha mtoto wangu wa pili, mimi nimelia naye kwenye kaburi la mumewe, na kipande cha karatasi kilichotoka kwenye wembe wangu kingeweza kumwachia chumba chake. Nilimpenda na ninampenda. Asubuhi nikaenda kwenye kikao nikiwa na negativu za barabara ile kwenye mkoba, sijui kama nitazitoa.

Ofisi ilijaa. Mpimaji wa barabara alikuwa kijana mpole, wala hakuja kugombana na mtu. Akaishika picha, akaona ziwa, akacheka na kikao chote kikacheka. "Ziwa hili tunaliacha," akasema. "Nauliza hapa mbele ya hoteli."

Akasimama Mzee Kiswaga, dereva mstaafu wa malori, mteja wa Mama Tumaini wa siku zote. "Uwanja ulikuwepo," akasema kwa sauti. "Mimi mwenyewe nilikuwa nageuza lori pale. Naingiza, narudi nyuma, natoka." Na mikono yake ikazungusha usukani. Wazee wengine wakaitikia. Ndiyo, lori lilikuwa linageuka. Mmoja alikumbuka hata rangi yake.

Hapo ndipo nilipoliona tundu la kanuni ya Mzee Mahenge. Kila mtu aliliona ziwa, na kwa kuwa aliliona, alijihesabu mtu asiyedanganyika, akayameza yaliyobaki bila kutafuna. Uongo mkubwa ulikuwa umeufunika mdogo, kama mtu mrefu anavyomficha mfupi kwenye picha ya ukoo.

Lakini kilichonisimamisha si hilo. Kwenye benchi la nyuma alikuwa amekaa fundi viatu. Naye alikuwa amechorewa, kibanda chake kizima. Picha ilipofika mikononi mwake wakati inapitishwa, aliinamia, akapitisha kidole pembeni ya barabara, akakirudisha, akapitisha tena. Alikuwa anajitafuta. Kibanda chake kilikuwa cha zamani kuliko maduka mengi yaliyokuwemo mle, na alikuwa amekuja akitumaini kusema hivyo. Kama ile karatasi ingekubaliwa kuwa kweli kwa Mama Tumaini, ingekuwa kweli na kwake pia, na yeye mle ndani hayumo.

Mpimaji akanigeukia. "Mama, wewe ndiye mwenye picha. Ni ya kweli?"

Nikasimama. "Kila kipande ni cha kweli," nikasema. "Picha nzima siyo. Hoteli niliisogeza. Uwanja ni wa stesheni. Na pale penye ziwa palikuwa na kibanda cha huyu fundi, nilikitoa kwa sababu kilinizibia maji." Nikampa negativu ya hoteli na ile ya kibanda, zote mbili.

Mzee Kiswaga akasema, "Lakini mimi niligeuza," ila sasa kwa sauti ya chini, kama anajiuliza. Mama Tumaini alichukua picha yake, akaiviringisha kwenye khanga, akatoka.

Chumba cha mbele kilibomolewa. Kibanda cha fundi kilibomolewa vilevile. Ile negativu ilimsaidia tu fundi kuandikwa kwamba alikuwepo. Msije mkadhani ukweli ulileta karamu. Mama Tumaini aliacha kunisalimia. Nikipita ng'ambo anaingia jikoni. Kwenye msiba wa jirani alinipokonya sufuria mikononi akampa mwingine aoshe. Iliniuma, nasema wazi, iliniuma kuliko msiba ule wenyewe. Nilipohamia huku Yakobi kumalizia uzee wangu, niliondoka Makambako bila kumuaga, maana nilibisha hodi na mlango haukufunguliwa.

Mvua zikapita, zikapita tena. Siku moja kijana wa bodaboda akaja kuniulizia shambani. Ametumwa. "Mama Tumaini anasema uje, na ubebe kamera. Amesema ile ya zamani, ya mkanda."

"Amesema kwa sauti gani?"

"Bibi, mimi nimetumwa maneno, sauti sikupewa."

Nikatafuta mkanda hadi nikapata, kazi hiyo yenyewe ingetosha kuandikwa peke yake, nikaenda. Niliposhuka Makambako upepo ulinipokea kama kawaida yake, na nilipofika kwa Mama Tumaini nikasimama, nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

Alikuwa amejenga upya. Kwa kuwa mbele hapakuwa pake tena, alijenga nyuma ya kiwanja, kule yalikokuwa mabanda ya kuku na jiko la zamani. Hoteli ilikuwa imekaa ndani, mbali na barabara, bati jipya linang'aa. Mbele yake kulikuwa na uwanja mpana, mkavu, mzuri. Fuso la viazi lilikuwa linaingia, likarudi nyuma, likatoka. Mzee Kiswaga alikuwa amekaa kibarazani na kikombe chake, ananitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Mama Tumaini akatoka na ile picha ya kalenda, imekaangwa na moshi mpaka ziwa limekuwa la kahawia. Hakunisalimia bado. Aliinyoosha kwa mkono mmoja, akaangalia picha, akaangalia hoteli, akaangalia picha.

"Unaona?" akasema.

"Naona."

"Ulinijengea kabla yangu." Kisha midomo ikaanza kumtetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akalia, na mimi nikalia, na yule wa Fuso akapiga honi akidhani tumemzibia njia.

Tulikunywa chai kwanza. Ndipo akaniambia, "Sasa kasimame palepale uliposimama zamani, unipige hii ya kweli."

"Sikusimama popote, mwenzangu. Nilikaa kwenye kiti na wembe."

"Basi leo simama."

Nikavuka barabara. Nikaangalia moshi wa jiko lake: ulikuwa unakwenda upande ule ule wa siku zote. Nikatazama kwenye kamera. Hoteli ilikaa mahali pake, uwanja ukakaa mahali pake, barabara ikaondoka na malori yake kuelekea Songea. Pembeni, kwenye kona ya uwanja wa Mama Tumaini, paliposimama ziwa kwenye kalenda, kulikuwa na kibanda cha mabati, na mbele yake fundi viatu ameinamia kiatu. Alikuwa amempa pale akae. Kilikuwa kinaziba, kama zamani. Mkono wangu, kwa mazoea, ukasogea kushoto kidogo kutafuta namna ya kumwacha nje.

Mama Tumaini aliuona mkono ule kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mama Picha!" akaita, sauti yake ikipita juu ya malori. "Na huyo usimkate!"